ASIYEZAA NAYE NI MWANAMKE KAMILI
(Somo kwa vikundi vya nyumbani, Umoja wa Akina Mama na akina baba)



Somo letu la safari hii lahusu neno linalozungumzwa sana jikoni na sokoni, lakini kanisani hunenwa kwa nadra. Ni habari ya mwanamke aliyeolewa, akakaa miaka mingi, wala hakupata mtoto. Watu humwita tasa au mgumba. Yeye mwenyewe hujiuliza swali zito kuliko majina hayo: ikiwa sizai, mimi ni mwanamke wa namna gani? Twaomba somo hili lisomwe na waume na wake pamoja, Biblia ikiwa mkononi. Si somo la akina mama peke yao.

1. SWALI HILI LATOKA WAPI?

Hapa kwetu Kiwira, kama katika Rungwe yote, mwanamke hupewa heshima kwa jina la mtoto wake. Akijifungua, huitwa Mama Lugano au Mama Bupe, na jina lile la ujana husahauliwa. Asiyezaa hana jina hilo. Wenzake wakiwa sokoni na ndizi na viazi vyao huitana kwa majina ya watoto. Yeye huitwa kwa jina la mumewe. Mawifi huanza kunong'ona. Mama mkwe huuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Watu wa ukoo husema ng'ombe wa mahari wamekwenda bure.

Zamani wazee walisadiki kwamba wakubwa wa ukoo wakikasirika, kwa mfano kwa ajili ya ng'ombe wa mahari, hasira yao yaweza kumzuia binti asizae. Habari za imani hizi ziliandikwa na Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Sisi Wakristo hatusadiki hivyo. Lakini tuangalie jambo moja. Wazee wale hawakumtupia mwanamke lawama peke yake. Waliona kwamba ukoo una ugomvi, na dawa yake ni watu kusema yaliyo moyoni na kupatana. Siku hizi wengi wetu tumeiacha imani ile, lakini lawama tumeibakiza, tena tumemwachia mtu mmoja aibebe.

Makabila mengine nayo yamehangaika na neno hili. Huko Mara, Wakurya wanayo desturi iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto hutoa mahari, huoa msichana, na watoto wa msichana yule huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Desturi hiyo yampa mwanamke mahali katika ukoo. Lakini bado yasema kwamba bila mtoto hana mahali, hata ikibidi kumtumia binti wa watu. Je, Neno la Mungu lasemaje?

2. MAANDIKO YASEMAVYO

Someni Mwanzo 1 na 2. Mungu alimwumba mwanamume na mwanamke kwa mfano wake, kisha ndipo akawabariki wazae. Mfano wa Mungu ulitangulia; baraka ya uzazi ikafuata. Katika sura ya pili, mwanamke aletwa kwa Adamu kwa sababu si vizuri mtu kukaa peke yake. Hapo watoto hawajatajwa bado, naye amekwisha kuwa mwanamke, wala hakupungukiwa na kitu.

Kisha someni 1 Samweli 1, habari ya Hana. Sura hii twaihubiri mara nyingi, lakini twakimbilia mwisho wake, yaani kuzaliwa kwa Samweli. Safari hii tusiende mbio. Tuwatazame watu watatu waliomzunguka Hana. Penina alimchoma kwa maneno mwaka baada ya mwaka, tena wakati wa safari ya kwenda kuabudu. Elkana mumewe alimpenda kweli, akampa sehemu nzuri ya chakula, lakini alifikiri upendo wake ungetosha kumnyamazisha asilie. Eli kuhani alimwona anaomba, akamdhania kuwa amelewa. Watu hao watatu wako hata leo: mwenye kuchoma, mwenye kupenda bila kuelewa, na kiongozi anayehukumu kabla ya kusikiliza.

Angalieni pia mstari wa 18. Hana alipokwisha kusema na Mungu, na Eli alipokwisha kumbariki, alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Wakati huo hakuwa na mimba! Amani ilimjia kabla ya mtoto. Kwa hiyo tusimwambie dada yetu kwamba akiwa na imani kama ya Hana hana budi kuzaa. Maandiko hayaahidi hivyo. Tukisema hivyo, tunamwongezea mzigo wa pili: kwanza hana mtoto, sasa tena twamwambia hana imani.

Biblia yataja pia wanawake wakuu ambao hatuambiwi kama walizaa. Miriamu aliwaongoza wanawake wa Israeli kumsifu Mungu. Debora alikuwa nabii na mwamuzi, akaitwa mama wa taifa (Waamuzi 5:7), wala hakuna mtoto wake anayetajwa. Hulda aliulizwa neno la Bwana na wajumbe wa mfalme (2 Wafalme 22). Prisila pamoja na mumewe walimfundisha Apolo (Matendo 18). Mariamu Magdalene alikuwa wa kwanza kupeleka habari za ufufuo. Hakuna aliyewauliza hao idadi ya watoto wao kabla ya kuwapa kazi.

Luka 11:27-28 ni neno la Bwana wetu mwenyewe. Mwanamke mmoja alipaza sauti kulisifu tumbo lililomzaa Yesu na matiti yaliyomnyonyesha. Ilikuwa sifa njema, sifa ya kwetu kabisa. Lakini Yesu akamjibu kwamba heri hasa ni ya wale walisikiao neno la Mungu na kulishika. Hata Mariamu Mtakatifu, aliyepewa heshima kuliko wanawake wote, heri yake haikuwa ya tumbo tu. Na katika Isaya 56 Mungu awaahidi wale wasioweza kuzaa jina lililo bora kuliko wana na binti.

Wengine watauliza habari ya 1 Timotheo 2:15, ambapo Paulo ataja wokovu wa mwanamke na uzazi. Mstari huo una ugumu wake, na wataalamu wameufasiri kwa njia mbalimbali. Lakini neno moja ni wazi: hauwezi kumaanisha kwamba asiyezaa hataokoka, kwa maana twaokolewa na Kristo, si kwa uzazi. Paulo huyo huyo katika 1 Wakorintho 7 awasifu wasioolewa kabisa. Asipigwe mtu kwa mstari mmoja.

3. NDOA YAKE NI NDOA

Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662, ambacho vitabu vyetu vimetoka kwake, chataja sababu tatu za ndoa: kupata watoto na kuwalea katika kumcha Bwana, kujilinda na uzinzi, na mume na mke kusaidiana na kufarijiana katika raha na shida. Katika ibada hiyo kuna sala ya kuomba watoto. Lakini kitabu chaagiza kwamba ikiwa bibi arusi amepita umri wa kuzaa, sala hiyo iachwe. Sala huachwa, ndoa hufungwa! Maana yake, tangu zamani Kanisa letu limejua kwamba ndoa isiyotazamia mtoto ni ndoa kamili.

Sheria ya nchi nayo yakubaliana na hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ndoa ni muungano wa hiari, unaokusudiwa kudumu maisha yote. Yataja mambo ambayo mahakama yaweza kuyatazama kuona kama ndoa imevunjika, kama vile uzinzi, ukatili na kumtelekeza mwenzi. Kukosa mtoto hakumo. Tena ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi, maadamu wote wawili wanaendelea kuikiri imani ya Kikristo. Basi mume anayesema, "Nitaoa wa pili nipate mtoto," hana ruhusa hiyo kanisani wala katika sheria.

Wengine hutaja Mkutano wa Maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1988. Ni kweli mkutano huo ulikubali kwamba mtu mwenye wake wengi akiongoka aweza kubatizwa pamoja na wake zake walioamini, kwa sharti kwamba aahidi kutooa tena, wala asilazimishwe kuwaacha wake alio nao. Nia yake ilikuwa wanawake wale wasitupwe. Haikuwa ruhusa kwa Mkristo kuongeza mke.

4. HABARI YA HOSPITALI

Kutoweza kuzaa ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba duniani mtu mmoja kati ya kila sita hupatwa na shida hiyo wakati fulani wa maisha yake. Wataalamu husema mume na mke wakikaa pamoja miezi 12 bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane, waende wakapimwe. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita.

Waende wote wawili. Hili ndilo neno ambalo akina baba wengi hawapendi kulisikia. Shida yaweza kuwa kwa mke, yaweza kuwa kwa mume, yaweza kuwa kwa wote wawili, na mara nyingine sababu haionekani. Kwa mwanamke, mirija yaweza kuziba kwa sababu ya kisonono, klamidia, kifua kikuu cha via vya uzazi, au maambukizo baada ya kujifungua au kuharibika mimba. Yai nalo laweza kutopevuka kila mwezi. Kwa mwanamume, mbegu zaweza kuwa chache au dhaifu. Mwanamume aweza kuwa na nguvu zote za ndoa, na bado mbegu zake zisitoshe. Nguvu na uzazi ni mambo mawili mbalimbali. Kupima mbegu za mume ni kazi nyepesi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mke. Basi si haki mke azunguke miaka mitano kwa waganga, na mume hajapimwa hata mara moja.

Kiwira iko katika barabara kuu. Igogwe ni karibu, Tukuyu kuna hospitali ya Makandana, na Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pamoja na hospitali ya wazazi ya Meta. Aanzaye huko aweza kuelekezwa panapofaa. Dawa za kunywa au za kuweka ndani ya mwili ambazo hazijulikani zimetengenezwa kwa nini, ziepukwe. Zaweza kumdhuru aliyetaka kupona.

5. SHAMBA, NYUMBA NA URITHI

Ndugu, tusiishie kwenye maneno ya faraja. Mwanamke asiyezaa huogopa zaidi siku mumewe atakapokufa. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zikatumika katika wilaya nyingi za nchi yetu, zilisema mjane harithi ikiwa mumewe ameacha jamaa za ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sasa yule asiye na watoto atatunzwa na nani? Wajane wawili wa Shinyanga walipeleka mashtaka juu ya kanuni hizi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake iliamua kwamba nchi yetu imevunja haki za wajane wale.

Kwa upande mwingine, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa mume na mke wanapoachana. Kupika, kuteka maji na kutunza nyumba ni kazi, wala haikusemwa kwamba ni kazi kwa yule aliyezaa tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke, na hati ya shamba yaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke.

Basi mume ampendaye mkewe asingoje. Aandike wosia mbele ya mashahidi, akiwa mzima na akili timamu, kwa msaada wa mwanasheria au watoa msaada wa kisheria. Aandikishe shamba la migomba au la chai kwa majina mawili. Hiyo ni sehemu ya kiapo alichokula mbele ya altare. Elkana alimpa Hana sehemu nzuri ya nyama; sisi twaweza kutoa sehemu ya shamba.

6. JINA LA MAMA

Lugha yetu ina hekima. Dada wa mama haitwi jina jingine, bali mama mkubwa au mama mdogo. Kuna shangazi, ambaye binti humweleza mambo asiyoweza kumwambia mama yake. Na sisi Wakristo tunaye mama wa ubatizo, ambaye Kanisa limemkabidhi mtoto mbele ya Mungu. Mtu aweza kuzaa asiwe mlezi, na mtu aweza kulea asiwe mzazi. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Katika Kanisa letu la Tanzania tunao masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu, kilichoanzishwa mwaka 1946, ambao makao yao makuu yako Masasi. Hao hawakuolewa wala hawakuzaa, nao wamefundisha na kuhudumia watu miaka mingi. Hakuna asemaye kwamba masista si wanawake. Kama twawaheshimu wao walioacha uzazi kwa hiari, mbona twamdharau yule aliyeutaka kwa machozi asiupate?

Umoja wa Akina Mama ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876. Jina lake humfanya asiyezaa aogope kwamba si mahali pake. Lakini kujiunga nao hakudai mtu awe amezaa. Aliyebatizwa na kuyakubali makusudi ya Umoja anaweza kupokelewa.

Wako pia wanaotamani kumchukua mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu kuasili na kulea mtoto, kwa kupitia ofisi ya Ustawi wa Jamii na mahakama. Mtoto aliyeasiliwa kisheria ni mtoto wa nyumba. Lakini tusimsukume mtu. Mtoto asichukuliwe kama dawa ya kufuta aibu. Achukuliwe kwa sababu anapendwa. Na mwanamke ambaye hatamchukua mtoto yeyote bado ni mwanamke kamili. Hatumpi cheo hicho kwa sababu amepata watoto wa wengine. Mungu alimpa tangu alipomwumba.

7. YATUPASAYO KUFANYA

Tusimwulize mtu kanisani au barabarani, "Bado tu?" Tusimwite mtu tasa wala mgumba, tumwite kwa jina lake la ubatizo. Tarehe 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari Mariamu, akina mama wakiitwa mbele kubarikiwa, waitwe wanawake wote. Wazee wa kanisa wanapotafuta wazazi wa ubatizo, wawakumbuke wasiozaa. Akina baba wazungumze na wana wao waliooa juu ya kupimwa pamoja. Na kama vile tunayo ibada ya shukrani baada ya kujifungua, tusimwache peke yake yule aliyepoteza mimba, au aliyetoka hospitali na habari ngumu. Padre na wazee waende nyumbani kwake, wakae naye, wamwombee. Wakikosa la kusema, wakae kimya.

Wako watoto wengi katika Rungwe waitwao Bupe, yaani zawadi. Aliyempa mtoto jina hilo alijua kwamba mtoto hatokani na haki wala na deni. Zawadi haidaiwi, na asiyeipewa hajahukumiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kati ya Penina, Elkana na Eli, sisi katika mtaa wetu tumefanana na nani zaidi?
2. Kwa nini uso wa Hana ulibadilika kabla hajapata mimba?
3. Ni maneno gani ya kila siku yanayomchoma asiyezaa, nasi twayasema bila kufikiri?
4. Je, katika nyumba yako, mume akifa leo, mke atakaa wapi?
5. Nani katika kanisa letu angefaa kuwa mama wa ubatizo, lakini hajaombwa?

SALA

Ee Bwana Mungu, uliyemwumba mwanamke kwa mfano wako, uwaangalie dada zetu wanaolia kwa siri. Uwape amani, na waume waaminifu, na mahali pa heshima kati yetu. Utusamehe sisi tuliowaumiza kwa maneno. Utufundishe kupokea zawadi zako bila kujivuna, na kuwapenda wote bila kuhesabu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.